Mtoto Huyu Hali Ngano

Kemambo, Tarime
12 Februari 1995

Kwako kaka Kornelio,

Shikamoo kaka. Natumaini upo mzima hapo kambini Natta, na jiko halijakuchosha, na wageni wako wanakula na kushiba. Sisi huku tunapumua. Shemeji yako Nyangwine ni mzima, isipokuwa mgongo unamsumbua kwa kushinda shimoni ameinama. Gauni ulilomtumia Robi kwa dereva wa lori lilifika. Asante sana, maua yake yamependwa na kila aliyeliona. Ila kaka, wewe ulikadiria mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Mwanangu akilivaa linamwagika kama amevaa la mama yake.

Nikueleze basi. Tangu dhahabu ionekane kwenye shimo jipya, watu wamejaa hapa kutoka Geita, kutoka Musoma, hata wa Migori wamevuka mpaka. Sijamaliza kuwasha moto asubuhi, tayari wako kumi wamekaa kwenye benchi wanangoja chapati. Nakanda, nasukuma, nakaanga, na maandazi juu yake, mpaka viwiko vinauma. Sinung'uniki, namshukuru Mungu kwa riziki. Lakini Robi anaisha. Tumbo limevimba limekuwa gumu, miguu imebaki ngozi. Anaharisha choo kingi, cheupe, harufu yake haielezeki. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kiti, sasa hasimami. Hacheki. Ukimbeba anakulalia begani kama mtu mzima aliyetoka safari ndefu.

Kliniki walisema ni utapiamlo. Nesi akaniuliza mbele ya wamama wote, "Mama, si wewe unayeuza chapati pale njia panda? Unalisha wanaume wote wale, mtoto wako anakosa nini?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikafundishwa uji wa lishe. Nikachanganya mahindi, soya, karanga na ngano, nikapeleka mashine kusaga, nampa mara nne kwa siku. Akikataa uji namlowekea chapati kwenye chai ya maziwa. Kaka, ninavyozidi kumlisha ndivyo anavyozidi kukonda.

Mama mkwe, mama Waisiko, anasema ni jicho. Anamtaja jirani yangu Rispa, yule Mjaluo anayeuza samaki, kwamba anaionea wivu biashara yangu. Sijui niseme nini. Rispa ndiye anayenishikia mtoto nikienda kuteka maji.

Wewe umekaa na watu wa kila aina. Kama umewahi kusikia jambo kama hili, niambie.

Mdogo wako,
Mokami


Natta, Serengeti
5 Machi 1995

Mdogo wangu Mokami,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji, na mama mkwe umpe shikamoo yangu. Mimi sijambo. Barua yako ilikaa Mugumu siku tisa ikingoja gari, ndiyo maana nimechelewa, usidhani nimepuuza. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni na mchuzi ukaungua.

Nataka nikusimulie jambo. Mwaka jana mwezi wa nane alikuja hapa mgeni mmoja, mama mtu mzima, amebeba mkate wake mwenyewe ndani ya begi. Meneja akatuambia, "Huyu hali ngano hata chembe." Mimi nikajua ni maringo ya wageni, maana huyu hali nyama, yule hali yai. Jioni nikakaanga samaki. Nikampaka unga wa ngano kidogo tu asishike kwenye kikaango, kama tunavyofanya siku zote. Yule mama aliharisha siku mbili, hakutoka kwenye hema. Nilienda kumwomba radhi nikijua kazi imekwisha. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Wewe hapana jua. Mimi mtoto mdogo, tumbo kubwa hivi, mguu hivi," akanionyesha kidole chake kidogo. "Mama yangu nipa mkate, nipa mkate. Mkate naua mimi."

Mokami, uliponiandikia kuhusu tumbo na miguu ya Robi, nilikiona kile kidole.

Mimi ni mpishi, sio daktari. Yaweza kuwa minyoo, yaweza kuwa jambo lingine kabisa. Uji wa lishe umeponya watoto wengi, sisemi vibaya juu yake. Lakini kumbuka vizuri: Robi alianza lini kuugua, na alianza lini kula ngano? Kisha mpeleke hospitali kubwa Mwanza, uwaulize swali hili wazi bila aibu.

Kaka yako,
Kornelio


Kemambo
24 Machi 1995

Kaka,

Shikamoo. Sisi tupo.

Nimeipata barua yako. Kwa hiyo unaniambia kwamba ninayemuua mtoto wangu ni mimi, kwa mikono yangu hii. Watoto wote wa hapa machimboni wanakula maandazi asubuhi na jioni, wanene, wanakimbia hovyo, lakini wa kwangu ndiye ngano imchague? Nilimsomea mama mkwe. Alicheka mpaka akapiga mapaja. Akasema, "Huo ni ugonjwa wa Wazungu. Kaka yako amekaa nao mno."

Mwanza ni mbali na mimi siwezi kufunga kibanda. Nilikuomba msaada, umenitumia hadithi ya mama wa Kizungu.

Ni mimi,
Mokami


Natta
20 Aprili 1995

Mdogo wangu Mokami,

Nakusalimu tena, ingawa najua umenikasirikia. Una haki. Pasaka tumeila salama, mvua imetukatia barabara mara mbili.

Sijasema neno baya juu ya mikono yako na sitasema. Mama alipougua, ukiwa darasa la tano, ni nani aliyekuwa anakanda unga kabla ya kwenda shule ili mimi niende sekondari pale Issenye? Nilikuwa nakuta maandazi yamepangwa kwenye beseni, wewe umeshaondoka, unga umebaki kwenye meza una alama za vidole vyako vidogo. Mikono hiyo ndiyo iliyonisomesha. Sijawahi kukushukuru kwa maandishi, nakushukuru leo. Kama ngano inamdhuru Robi, wewe hukujua, na hakuna aliyejua.

Wiki ya Pasaka amepita hapa mgeni ambaye ni daktari wa watoto. Nilimpelekea chai nikabaki nimesimama. Akaniuliza, "Kuna shida?" Nikamweleza yote, tumbo, choo, miguu, kusimama halafu kuacha kusimama. Alisema hawezi kuthibitisha bila kumwona mtoto, lakini akachukua karatasi akaandika kwa Kiingereza kwa daktari yeyote atakayempokea Robi. Karatasi yenyewe hii hapa ndani. Usiitupe. Hata kama huniamini, iweke tu mahali pakavu.

Kaka yako anayekupenda,
Kornelio


Hospitali, Mwanza
2 Julai 1995

Kaka yangu Kornelio,

Shikamoo kaka. Shikamoo mara mbili, na magoti yangu yako chini. Najua ni zaidi ya miezi miwili sijakujibu. Robi yuko hai. Nianze na hilo usije ukaogopa kuendelea kusoma.

Mwezi wa tano nilishikwa na malaria, nikalala hoi. Mama mkwe akaja na shangazi yake Nyangwine, wakamchukua Robi kwenda naye kijijini kwao kule mlimani, wakamwonyeshe mganga. Sikuwa na nguvu ya kubisha. Walikaa naye wiki tatu. Kaka, waliporudi nilitoka nje nikadhani wameleta mtoto mwingine. Tumbo limeshuka. Macho yanaangaza. Aliponiona akanyoosha mikono akacheka, na ana meno mawili mapya. Mama mkwe akasema, "Umeona? Mganga ameliondoa jicho." Wanawake wakapiga vigelegele pale kibandani, na wachimbaji wakapiga makofi.

Mimi kwa furaha nikafanya nini? Nikachagua chapati laini kuliko zote, nikaikatakata, nikamlisha mwenyewe. Na kesho yake. Na kesho kutwa.

Siku ya nne alianza kuharisha kama maji. Siku ya sita alikuwa halii tena, anafungua mdomo tu bila sauti. Mama mkwe akasema jicho limerudi. Nilikuwa nimekaa chini nimempakata, na nikamuuliza, "Mama, kule mlimani alikuwa anakula nini?"

Akanishangaa. "Atakula nini? Chakula cha nyumbani. Obokima, ugali wetu wa mtama na muhogo, maziwa mgando, mboga. Kule kwetu kuna chapati?"

Basi nikainuka. Nikavuta karatasi yako chini ya godoro, nikamfunga mtoto mgongoni, nikaacha unga umeumuka kwenye beseni na wateja wamekaa. Rispa alipoona nimebeba mtoto namna ile, aliacha samaki wake juani akanifuata mpaka stendi, akanivua khanga yangu iliyochafuka akanifunga ya kwake. Hakuniuliza ninakwenda wapi.

Hapa walimwekea dripu kwanza. Daktari ni kijana, mpole. Alisoma ile karatasi, akaanza kuniuliza kila nilichompa tangu nimwachishe ziwa. Nilipofika kwenye zile wiki tatu za mlimani akaweka kalamu chini. Akasema vipimo vyote hawana hapa, lakini mtoto mwenyewe ameshatupa jibu. "Mama, kuanzia leo asionje ngano, wala shayiri. Hata makombo. Umrudishe tumpime baada ya miezi miwili." Nikamuuliza, "Mpaka lini?" Akasema, "Maisha yake yote." Nililia hapo hapo mbele yake. Akadhani nimehuzunika. Kaka, mimi nilisikia neno maisha tu.

Nisamehe kwa barua ile ya mwezi wa tatu. Uliponiandikia habari za maandazi ya Issenye niliona aibu hata kuishika kalamu, ndiyo maana nikanyamaza.

Mdogo wako,
Mokami


Natta
16 Julai 1995

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa Robi wetu. Nilipoisoma barua yako nilikaa kwenye gunia la viazi nikashindwa kuinuka. Wenzangu wakadhani nimefiwa. Nikawaambia, hapana, nimezaliwa.

Hakuna cha kusameheana. Sasa tufanye kazi. Nimeongea na mpishi mwenzangu anayetoka Tanga, tumeyaandika haya pamoja.

Chakula cha nyumbani chote anaruhusiwa: mtama, wimbi, mahindi, mchele, muhogo, viazi vitamu, ndizi, maharage, samaki, mayai, maziwa, nyama. Kwa hiyo hata huku kwetu mtoto huyu si maskini wa chakula. Shida ni vumbi. Unga wa ngano unaruka, unakaa kwenye nywele, kwenye khanga, kwenye vidole. Sufuria yake iwe yake, mwiko wake, chujio lake, uvitie alama. Mafuta uliyokaangia maandazi usimkaangie chochote. Na mashine ya kusaga, Mokami, hiyo angalia sana. Ukipeleka wimbi baada ya mtu aliyesaga lishe yenye ngano, unabeba ngano ya mwenzako nyumbani bila kujua. Biskuti ni ngano. Tambi ni ngano. Keki ni ngano.

Sitakwambia uache chapati. Kibanda ni chako. Nakwambia tu kuna kitu kinaitwa kitumbua. Loweka mchele usiku kucha, uutwange au uusage kwenye kitu ambacho hakijaona ngano, utie sukari, iliki, hamira kidogo na tui, na kama nazi hamna tumia maziwa. Uache uumuke, kisha ukaange kwenye kikaango chenye mashimo. Nakutumia hicho kikaango kwa dereva yuleyule. Wageni wetu hapa wanavimaliza.

Nambie kila kitu. Mpe shikamoo mama mkwe, na Rispa umwambie namshukuru kwa khanga.

Kaka yako,
Kornelio


Kemambo
17 Septemba 1995

Kaka Kornelio,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu, na hali yako je? Kikaango kilifika kimepinda sikio moja, Nyangwine amekinyoosha.

Nikusimulie usicheke. Mwezi wa saba wote tulikuwa vitani humu ndani. Nilimwambia Nyangwine chapati basi. Akasema, "Mama Robi, watu wa shimoni hawaamki kufuata uji." Tukakubaliana nikaangie nje, mtoto abaki ndani. Nilikuwa nanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka. Alipona kidogo, akarudi nyuma kidogo, siku nzuri na siku mbaya.

Halafu mwezi wa nane Nyangwine na wenzake wakapata mawe yenye dhahabu. Alifurahi, akaenda Tarime mjini, akarudi na biskuti zenye krimu. Akampa Robi kwa siri nyuma ya nyumba. Tulipomkuta mtoto amejikunja kwa tumbo na mimi napekua sufuria zote kutafuta nilipokosea, Nyangwine alisimama mlangoni akasema, "Nilidhani biskuti ni sukari."

Sikumgombeza. Mtoto aliumwa siku sita. Baba yake hakwenda shimoni hata siku moja. Alikuwa anafua nepi zile mwenyewe kwenye karai, mwanaume wa Kikurya, mbele ya wenzake wanaopita na machepeo, na hakuinua kichwa. Siku ya saba alinyanyua meza yangu ya kusukumia, kikaango cha chapati na gunia la unga, akavipeleka vyote kwa Rispa. "Shemeji, kaanga wewe," akamwambia. Rispa akaja mbio kuniuliza kama nimefukuzwa.

Kwa hiyo sasa Rispa ndiye mama chapati, na mimi ni mama vitumbua. Wiki ya kwanza vilibaki, tukala wenyewe. Wiki ya pili mzee mmoja wa Geita alionja, akanunua vyote akavipeleka shimoni, na kuanzia hapo sijawahi kubaki navyo. Nauza na uji wa wimbi, na muhogo wa kuchemsha na samaki ninaochukua kwa Rispa.

Lakini kaka, nikueleze ya mama mkwe. Nilimsomea maneno yako ya mashine ya kusaga. Akaenda mlimani, akakaa siku mbili. Akarudi, nyuma yake punda amebeba jiwe lake la kusagia, lile alilopewa na mama yake alipoolewa. Akalitua uani kwangu. "Mashine yenu siiamini," akasema. Tangu siku hiyo kila asubuhi anapiga magoti, umri wake ule, anasaga wimbi na mtama wa Robi kwa mkono. Nikitaka kumsaidia ananiuliza, "Umeshika nini leo?"

Na ni askari. Anakaa mlangoni na fimbo. Mchimbaji mmoja alimnyooshea Robi kipande cha andazi, bibi akapaza sauti kibanda kizima kikageuka:

"Wee mura, kijana wewe! Mtoto huyu hali ngano!"

"Andazi tu, bibi, dogo hili."

"Hata harufu yake. Rudisha mkono wako."

Sasa machimboni wote wanajua. Wakimpita wanamwambia, "Robi, shikamoo, hatuna ngano," na wanamwonyesha viganja vitupu. Na Rispa akitaka kumbeba anavua khanga ya kazi, ananawa, anafunga nyingine. Juzi nimemkuta mama mkwe anamwekea maji ya kunawa yeye mwenyewe. Habari za jicho hazijatajwa tena, na mimi sikuuliza.

Tulirudi Mwanza. Ameongezeka kilo mbili. Daktari alimwita mwenzake aje aone.

Mdogo wako mwenye furaha,
Mokami


Kemambo
28 Desemba 1995

Kaka yangu Kornelio,

Shikamoo, na heri ya Krismasi iliyopita na mwaka unaokuja. Tulikungoja ukatuandikia kwamba kambi imejaa, tukaelewa, lakini sahani yako tuliiweka. Sote ni wazima. Huku watu wamepungua, wengi wamehamia machimbo mapya waliyosikia upande mwingine. Nyangwine anasema atapanda mtama msimu huu, shimo atalirudia ardhi ikikauka. Mimi wateja niliobaki nao wananitosha.

Nataka nikupe siku ya Krismasi ilivyokuwa, maana ilikuwa yako pia.

Tuliamua chakula chote kiwe ambacho Robi anaweza kula, asiwepo mtu wa kufichwa chakula wala wa kukatazwa. Wali, kuku wawili, samaki wa Rispa, ndizi, vitumbua beseni zima. Rispa hakukaanga chapati siku hiyo, alisema na yeye anataka kupumzika. Robi alizunguka na bakuli lake kwa kila mtu, akichota anapotaka, na hakuna aliyemshika mkono. Kaka, hujaona mtoto anavyokula kwa raha. Alikula mpaka akalala na mfupa wa kuku mdomoni.

Alipoamka akaja mgeni, mjomba wake Nyangwine kutoka Sirari, mtu asiyejua habari zetu. Mimi nilikuwa naosha vyombo, mama mkwe amesinzia kwenye kiti chake. Yule mzee akatoa mkate kwenye mfuko, mkate wa kununua, mweupe, akakata kipande akampa Robi. Nilimwona nikiwa mbali na mikono yangu imejaa sabuni. Sauti haikutoka.

Robi alikishika kile kipande. Akakigeuza. Akakinusa. Kisha akatembea nacho, kaka, anatembea sasa, akaenda kumgusa bibi yake goti.

"Bibi. Ya Robi?"

Mama mkwe akafungua macho. Akaangalia. Hakupaza sauti hata kidogo. "Hapana mama. Hiyo si ya Robi."

Robi akageuka, akarudi kwa yule mzee taratibu, akamwekea mkate wake kwenye kiganja, akakifunga kile kiganja kwa vidole vyake, kimoja kimoja. "Chukua," akamwambia. Kisha akaenda kwenye beseni, akachukua kitumbua, akampelekea na hicho.

Wote walicheka. Mimi nilizunguka nyuma ya nyumba nikaketi kwenye kuni. Nyangwine akanifuata akanikuta nalia, akakaa pembeni yangu. Akasema tu, "Ana miaka miwili." Nikasema, "Na mwezi mmoja."

Kaka, siku zote nilikuwa nahesabu ni nani atamlinda nikiwa sokoni, nikiwa kisimani, siku nitakayokuwa sipo kabisa. Siku ile nililala kama mtu aliyetua mzigo.

Asante. Asante kwa samaki uliyemkaangia yule mama kwa kutojua, na kwa chai uliyompelekea yule daktari ukabaki umesimama. Wengine wangeweka kikombe wakaondoka.

Sisi tupo, njoo utuone.

Mdogo wako,
Mokami, mama Robi